Nilivyojua petroli inaingiaje kisimani kwetu, kwa mpira wa fundi uashi

Kila aliyeonja maji ya kisima chetu aliondoka ameacha dawa. Shemeji akasema tia shabu. Mama wa nyumba ya pili akasema vidonge vya klorini, mwingine akashauri tuchemshe. Jamani, shabu hutuliza tope na klorini huua vijidudu. Petroli si tope wala si mdudu. Ukiyachemsha ndiyo balaa, benzini, ile sumu iliyomo ndani ya petroli, inapanda na mvuke na mpishi anaivuta humo humo jikoni.

Tuko Temeke, Dar es Salaam, mchanga mtupu, maji hayako mbali. Mbele yetu, upande wa barabarani, palikuwa na kituo cha mafuta kilichofungwa miaka mingi. Pampu waling'oa, tangi wakaliacha chini na kulimwagia zege. Mtaa mzima uliapa kwamba hata likivuja, mafuta yatafuata mteremko kwenda barabarani, sisi tuko juu.

Kabla ya kuchimba chochote mtafuteni mtu aliyefanya kazi pale. Mimi nilimpata mzee aliyekuwa akijaza magari, akanitembeza hatua kwa hatua. "Mwanangu, tangi halikuwa na neno. Mafuta tulikuwa tunayapoteza kwenye maungio ya bomba." Mwenye kiwanja aliporidhia, tukatoboa kwa keekee ya mkono. Udongo wa kila kina nilitia kwenye chupa ya jemu, nusu tu, nikafunika kwa karatasi ya alumini na kuanika juani kidogo. Wa kando ya tangi, hamna harufu. Wa zilipokuwa pampu ulikuwa kijivu, na huhitaji kusogeza pua. Mvuta sigara mmoja aliyekuja kutazama nilimfukuza bila adabu.

Jirani naye akaniita mtaroni nione "mafuta" yenye rangi za upinde. Nikayadunga kwa kijiti, utando ukavunjika vipande vipande kama ganda. Hao ni bakteria wa chuma. Utando wa mafuta ukiuchana unajirudi na kuungana.

Sasa mpira. Mafundi uashi wana ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wanaujaza maji kupimia usawa wa msingi. Nikauazima. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata pakiwa na ukuta katikati, ila hakikisha hakuna povu ndani, kipovu kimoja kinakudanganya. Kwa mpira huo nilichora alama ya chaki ya usawa mmoja kwenye visima vitatu: chetu, cha jirani wa pembeni, na cha jamaa anayeosha magari nyuma yetu. Halafu futi yenye nati nchani: ishushe, sikiliza "twi!", soma kutoka kwenye chaki.

Alfajiri wajuaji walikuwa sahihi, maji yalikuwa yanashuka kuelekea barabarani. Nikarudia alasiri, pampu ya mwosha magari ikiwa imenguruma tangu asubuhi. Kisima chake kilikuwa kimeshuka zaidi ya shubiri na mteremko wa maji chini ya ardhi umegeuka! Yalikuwa yanatoka kituoni kwenda kwake, na sisi tuko katikati. Nilicheka peke yangu pale kisimani.

Mpira ukafanya kazi ya pili. Nikauzamisha taratibu kwenye tundu tulilotoboa zilipokuwa pampu za kituo, nikaziba juu kwa kidole gumba, nikauvuta. Juu ya maji palikaa kitu cha manjano, unene wa vidole viwili. Petroli ni nyepesi, huelea. Kisimani kwetu tabaka hilo halikuwepo, ila kukosekana kwake si hati ya usalama: benzini huyeyuka, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 0.01 tu kwa lita. Pua haifiki huko.

Maabara wanataka chupa ndogo za kioo zilizojaa pomoni, zisizo na hata kiputo, kwenye barafu. Usiteke kwa pampu ya umeme, inayapiga maji na benzini inaruka. Bei yao iliniuma, karibu ada ya mtoto ya muhula. Majibu yalipita kiwango mara kadhaa.

Sasa tunakunywa ya bomba. Kisima sijakifukia, nakipimia. Ripoti iko NEMC, baraza la taifa la mazingira, mwosha magari amepunguza saa za pampu baada ya mabishano marefu, na fundi nimemnunulia mpira mpya. Ule wa zamani aliunusa mara moja akanirudishia.