Tambi za kuvuta Kariakoo, na shangazi aliyesema atakunywa soda tu

Kuna kimgahawa cha Wachina pale Kariakoo, ukishuka mwendokasi Msimbazi unaingia ndani mitaa miwili mitatu huko kwenye maduka ya vyombo, kina meza nane tu na panga boi mbili, na ikifika saa saba mchana hupati pa kukaa ng'o. Nakula pale siku nyingi ila Jumamosi hii ndo nimeenda na shangazi, na imebidi niandike maana kuna kitu kinaniuma, watu wetu wengi wanapishana na chakula kitamu kwa kuogopa kulishwa nguruwe wakati wapishi wa pale ni Waislamu wenzao kabisa.

Shangazi alikuja kununua hotpoti za harusi ya binamu yangu, tumezunguka weee mpaka njaa ikatushika, nikamwambia twende kwa Mchina. Akasimama hapo hapo njiani. "Mwanangu, na uzee wangu huu unataka ukanilishe vyura?" Sikubishana naye, nikamwonyesha kibao cha mlangoni. Ni cha kijani, kina maandishi ya Kichina yanasomeka qingzhen, ndo neno lao la chakula cha halali, na chini yake imeandikwa halali kwa Kiarabu. Shangazi kasoma madrasa tangu mdogo, ile ya Kiarabu akaisoma mwenyewe kwa sauti, akanyamaza kidogo, akasema haya tuingie lakini mimi ntakunywa soda tu.

Hawa ni Wahui, Wachina ambao wako kwenye Uislamu karne na karne, na tambi wanazopika asili yake ni Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu kule kaskazini magharibi ya China. Jiko liko wazi, ukikaa meza ya mbele unaona kila kitu. Jamaa anachukua donge la unga linalojaa mkononi, analivuta mikono yote miwili mpaka inatanuka kabisa, analikunja katikati, analipiga mezani paa! unga unaruka, anavuta tena. Kila akikunja nyuzi zinazidi mara mbili, moja inakuwa mbili, nne, nane, mi nilihesabu mikunjo saba kwahiyo hapo ni nyuzi 128 zimetoka kwenye donge moja na hakuna hata uzi mmoja umekatika, halafu hapo hapo zinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Yaani dakika mbili tu.

Shangazi akasogeza kiti. Akamuuliza dada anayehudumia, hivi mbona haukatiki huo? Dada akasema mama, wanatia kitu kama magadi, zamani kwao walikuwa wanachoma mmea fulani wanatumia majivu yake, ndo unga unavutika na unakuwa na rangi ya njano kidogo. Basi hapo ndo hofu ikamtoka, maana magadi anayajua, maharage yake hayajawahi kupikwa bila magadi. "Haya niletee na mimi, ila nyembamba." Na kweli unachagua, kuna nyembamba kama nywele, kuna za kati, kuna pana kama mkanda wa suruali, mi napenda hizo pana zinashika supu vizuri.

Bakuli likija liangalie kwanza kabla hujachanganya. Kwa watu wa Lanzhou lazima lionyeshe vitu vitano: supu iwe safi unaona mpaka chini, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, majani ya kijani kama giligilani, na tambi zenyewe za njano. Nyama ya ng'ombe inakatwa vipande vyembamba sana, supu yake imechemka na mifupa na viungo masaa mengi, ukiinusa tu unajua. Ile pilipili weka kidogo kwanza, haiwaki kama pilipili mbuzi, ina harufu ya ufuta ila inakuja taratibu.

Bakuli 12,000 na linashibisha mtu mzima. Niliwahi kwenda sehemu moja ya kifahari nikalipa zaidi ya mara tatu ya hapo nikaletewa tambi za pakiti zimelegea, iliniuma sana aisee.

Shangazi vijiti vilimshinda akaomba uma, akala kimya. Kwetu tambi ni za sukari na iliki, za futari, sasa hizi za supu zilimkalia kichwani akawa anazungusha tu uma anaziangalia. Katikati akanikumbusha makaburi ya kale ya kwao Kunduchi, yale ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina. "Vyombo vyao tunavyo tangu enzi za mababu," akasema, "chakula ndo kimechelewa kufika."

Akamaliza mpaka supu. Nilipoenda kulipa nikasikia anamwambia yule dada amfungie na la mjomba, dada akamwambia mama vikopo vimeisha, na tambi zikikaa kwenye supu zinavimba, labda tutenganishe. Nageuka namkuta shangazi keshafungua boksi la hotpoti za harusi, kaweka mbili mezani, stika bado ziko juu ya mfuniko, moja ya supu moja ya tambi.