Msimbo wa mifumo ya umma uwe wazi

Anayedhani kwamba programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, ni mambo ya wanafunzi wa kompyuta tu, na aende katika zahanati ya Tanzania mwishoni mwa mwezi, aone takwimu zinavyojumlishwa kutoka vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kikiwamo kile cha wagonjwa wa nje, kisha zikaingizwa katika DHIS2, programu huria ya kukusanya takwimu za afya. Mfumo huo, ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na sasa kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hautozwi ada ya leseni. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011.

Hata hivyo, bei si hoja yangu kubwa, kwa sababu seva, mafunzo na mishahara ya wataalamu bado vinagharimu fedha (wanaodai ni bure kabisa wanatuharibia hoja). Ninachokithamini ni kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaweza kuufungua msimbo na kuurekebisha bila kusubiri ridhaa ya kampuni ya nje.

Kwa hiyo naisihi serikali iandike wazi katika zabuni zake kwamba mfumo uliolipiwa kwa kodi ya wananchi utakabidhiwa pamoja na msimbo wake, na takwimu zake zitahamishika mkataba unapokwisha.