Muhuri ulionidai magunia 40

Mimi na binamu yangu tulikuwa tunanunua dagaa kisiwa cha Ukerewe na kuuza Mwanza, soko la Mwaloni, Kirumba. Yeye alivuka kwenda kisiwani wakati wa giza, maana mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hupumzika. Mimi nilibaki mjini na wateja, wengine wa kupeleka Kongo. Tulisajili jina la biashara kwa wakala wa serikali wa usajili, BRELA, kwa majina yetu mawili, shilingi 20,000, cheti tukakitia fremu. Toka hapo nikawa nasema "kampuni yetu", na hakuna aliyenisahihisha.

Asubuhi moja akaja mwenye mitumbwi kutoka kisiwani. Alisalimia vizuri, akaketi juu ya gunia, akatoa karatasi: magunia 40 yamechukuliwa kwa mkopo, sahihi ya binamu, muhuri wetu. Binamu simu haipatikani. Nasikia yuko Geita machimboni.

"Kamdai yeye, kaka. Mimi sikusaini."

"Dada, yeye simjui sana. Nilichokiamini ni huu muhuri."

Wakili niliyemwendea alinimaliza nguvu. Jina la biashara ni jina tu, akasema. Nyuma yake mko ninyi wawili, na huo ni ubia. Mbia mmoja akikopa kwa shughuli ya biashara, wote mnadaiwa, mpaka vya nyumbani. Kampuni ndiyo mtu mwingine mbele ya sheria: ina mali yake na madeni yake, na mwenye hisa hasara yake huishia kwenye hisa zake.

Nililipa kwa miezi saba. Friza likaenda, kiwanja cha Igombe kikaponea chupuchupu. Kisha nikalifunga lile jina BRELA na kuwapigia wauzaji wote, mmoja mmoja, kwamba ubia umekwisha. Wakili alilisisitiza hilo kuliko yote: wasipojua, watamkopesha tena wakidhani bado niko naye.

Kampuni nilifungua na mdogo wangu, hisa 70 kwa 30. Maombi ni ya mtandaoni, namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, mkononi. Kilichokula muda ni katiba ya kampuni, yaani kanuni zake. Rafiki alinipa ya kunakili, inaturuhusu hadi kuchimba dhahabu! Tukaifuta karibu yote, tukaweka kipengele kimoja ninachokipenda: mkopo wowote, sahihi mbili.

Gharama zipo. Zamani nilikadiriwa kodi kwa mauzo. Sasa kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, kuna mkaguzi wa hesabu, na taarifa ya kila mwaka BRELA. Mwenye meza moja sokoni simshauri kabisa kufungua kampuni, abaki na jina lake peke yake, bila mbia.

Halafu tulipoomba mkopo wa kununua pikapu, ofisa wa benki akanisogezea fomu ya udhamini binafsi. Yaani kampuni ikishindwa, nalipa mimi. Ukuta wote ule wa kampuni, halafu nitoboe mlango kwa kalamu yangu mwenyewe? Nikairudisha. Tukakopa kidogo zaidi, dhamana pikapu yenyewe.

Juzi yule mwenye mitumbwi ametuuzia tena. Nilimwomba magunia kumi kwa mkopo. Akaugeuza geuza muhuri mpya, akasoma jina la kampuni hadi neno "Limited", akanirudishia.

"Dada, wewe nakujua. Huyu simjui. Lete taslimu."