Kamera moja ya picha na video: angalia inavyohama

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, kaka nataka kamera moja tu ipige picha na ishuti video, ninunue ipi, na wengi wanakuja washasoma mambo ya megapikseli na 4K mpaka wamechanganyikiwa. Mi kazi yangu ni harusi na sendofu hapa Dar kwahiyo naongelea upande huo, na jibu langu ni kwamba saivi karibu kamera zote za maana zinapiga picha nzuri na video nzuri, we angalia inahamaje kutoka kwenye picha kwenda kwenye video. Bibi harusi yupo mlangoni, mama mkwe anataka picha ya pozi, mara MC anaita mziki unapanda maharusi wanaanza kuingia na hapo unatakiwa uwe tayari unarekodi. Mtihani wenyewe ndo huo.

Ugumu wa kuhama uko hivi. Video ya fremu 25 kwa sekunde (yaani vipicha 25) inataka shata 1/50, yaani kamera inapokea mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ili mtu akitembea aonekane anatembea kawaida, ila picha ya mtu anayecheza inataka 1/250 au zaidi la sivyo mikono yote inatoka ukungu. Ukibadilisha shata mwanga nao umebadilika, inabidi ushike na ISO (ile ya kuongeza au kupunguza usikivu wa kamera kwa mwanga), na yote hayo wakati mtu anatembea anakuja kwako. Ndo maana naipenda sana Sony A7 IV, ile ya 2021, ina swichi yake chini ya kile kiduara cha modi, huku picha huku video, na kila upande unakumbuka seti zake. Canon R6 Mark II ya 2022 nayo wameiwekea swichi ya namna hiyo. Kama unayo A7 III, ile iliyotangulia isiyo na swichi hiyo, basi hifadhi seti zako za video kwenye namba 1 ya kile kiduara na uifanye iwe mazoea ya mkono, usiwe unatafuta kwenye menyu ukumbini.

Na kwenye hiyo 1/50 kuna jambo linaniuma maana naona video nyingi za watu wenye vipaji zinaharibika hapo. Umeme wetu ni wa 50Hz, Tanzania na Kenya pia, kwahiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona vizuri tu. Sasa kamera nyingi zinazoingia kutoka Japani na Marekani zinakuja zimewekwa NTSC, mfumo wa video wa fremu 30 na 60, unashuti na 1/60 au 1/125 halafu ukifika kwenye laptopu unakuta mistari inapanda na kushuka ukutani na kwenye uso wa bwana harusi, na hiyo kuitoa kwenye editi ni mateso. Ingia kwenye menyu uweke PAL, ule mfumo wa fremu 25 na 50, shuti 25 kwa 1/50 au 50 kwa 1/100, kwa taa nyingi mistari inapotea (taa za LED za mapambo zingine bado zitasumbua, hapo unazungusha shata taratibu mpaka itulie).

Kuna wale wanaosema mi nitashuti 4K tu halafu picha nitazitoa humohumo. Fremu ya 4K ni 3840 kwa 2160, kama megapikseli 8, kwa karatasi ya A4 ukubwa si mbaya kabisa, lakini fremu hiyo imepigwa kwa 1/50! Mtu yeyote aliyekuwa anacheza ametoka na ukungu, na albamu ya harusi nusu yake ni watu wanaocheza. Hapana, piga picha kama picha.

Muda wa kurekodi uulizie kabla ya kitu kingine chochote. Kamera nyingi za zamani zinakata dakika ya 29 na sekunde kama 59, sababu Ulaya kamera inayorekodi dakika 30 na kuendelea ilihesabiwa ni kamera ya video na ushuru wake ulikuwa juu, basi viwanda vikakata hapo na sisi huku tukapokea hivyohivyo. A7 III ina hilo tatizo, A7 IV haina. Na nasaha za wazee wa ukoo mnazijua wenyewe, nusu saa ni utangulizi. Kuna na joto, mwezi wa pili hapa Dar kamera ikikaa juani inajizima, kwahiyo Lumix S5 II ya Panasonic yenye feni ndani naiheshimu sana, inarekodi mpaka kadi ijae au betri iishe, shida yake ni kwamba lenzi za kuazima hapa mjini nyingi ni za Sony na Canon.

Rangi pia. Shela jeupe, suti nyeusi, ngozi zetu, ukuta wa taa za zambarau, vyote kwenye fremu moja. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, ya biti 10 ina 1024, na ukianza kuinua giza kwenye editi ya biti 8 ule ukuta unakatika mabaka mabaka. Ngozi ya mtu mweusi inastahili kuonekana ilivyo, na mi hapo sibani hela. A7 III inarekodi biti 8, A7 IV inafika biti 10, ndo maana kati ya hizo mbili, kama kazi yako nusu ni video, jikusanye ufike kwenye IV. Kama ni picha nyingi na video kidogo, A7 III iliyotumika inatosha kabisa, hela inayobaki weka kwenye lenzi ya f/2.8 (inayoingiza mwanga mwingi) na maiki.

Sehemu mbili za kadi ni lazima, harusi hairudiwi. Na hesabu nafasi, video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa.

Ukienda dukani nenda na kadi yako na maiki yako. Washa 4K uiache inarekodi juu ya kaunta nusu saa nzima wakati mnaongea bei, halafu hama picha, video, picha, video bila kuangalia vitufe, mpaka ujue mkono umeikubali au haujaikubali. Na kama ni Sony iliyotumika, ingia sehemu ya lugha kabla hujatoa hela, nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani menyu yake ni Kijapani tu na hakuna pa kubadilishia.