Kovu la saruji mlangoni

Jana fundi alimaliza kupaka rangi sebuleni. Idi imekaribia, na Baba Rehema alishasema mwaka huu wageni hawapokelewi kwenye kuta zenye alama za vidole. Niliporudi jioni madirisha yalikuwa yamefungwa. Nikafungua mlango, harufu ya rangi mbichi ikanipokea, na chini yake ile nyingine, ya ukuta ulionyonya mvua ya juzi pale kona ya dirisha. Zikichanganyika hizo mbili, mimi sipo tena Kitunda. Nipo Kigogo, Dar es Salaam, Februari 2014, kwenye korido ya nyumba ya yule Bibi.

Kodi ilikuwa imetuchosha. Miezi sita kwa mkupuo, ukimaliza kulipa unaanza kutafuta mingine. Tulikuwa na hela ya kikoba na mkopo wa kazini kwa Baba Rehema, na nyumba ikatajwa milioni 22. Kwa bei hiyo, mahali ambapo ukitoka unafika Magomeni kwa miguu! Baba Rehema alikuwa safari, nikamwomba Mama Mkubwa anisindikize. Alikuja na khanga zake mbili na viatu vya raba, maana alisema nyumba hainunuliwi kwa ndara.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa. Baraza mbele, mlango wa mninga, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma na jiko la kuni lililoezekwa bati. Sakafu ilikuwa ile nyekundu ya zamani, iliyong'arishwa kwa nta miaka na miaka mpaka unajiona kivuli. Kuta zote zilikuwa na rangi mpya, krimu, bado inanuka. Dalali alikuwa na simu mbili na haraka nyingi. "Mama, hapa kuna watu wana hela mkononi. Mkiweka kianzio leo, mimi nawazuia." Asilimia yake kumi ilikuwa ikimwasha.

Mama Mkubwa hakumjibu. Aligonga kuta kwa funguo, chumba kwa chumba, akisikiliza. Aliinama akakwaruza plasta chini kabisa, karibu na sakafu, ikamwagika unga mweupe. Chumvi. Rangi ya wiki moja ilikuwa tayari imeanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Akauliza makaratasi. Bibi akatoa mfuko wa nailoni chini ya godoro, ndani mna leseni ya makazi na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe. Vilikuwa sawa. Nakumbuka nilivyofurahi. Kichwani nilishapanga kitanda cha Rehema kikae wapi.

Tukatoka kwenda genge la jirani kununua nyanya ambazo hatukuzihitaji. Mama Mkubwa alichagua moja moja, polepole, akaulizia bei ya vitunguu, kisha akamuuliza muuzaji kama mtu aendeleaye na mazungumzo ya jana, "Na ile Desemba ya 2011 nyinyi mlihamia kwa nani?"

Hakuuliza kama mafuriko yale yalifika. Yule mama akajibu huku akipima nyanya, "Sisi tulilala shuleni. Wa kule chini ndio waliohamishiwa viwanja vya Mabwepande."

Tuliporudi, Mama Mkubwa hakuingia ndani. Alisimama nje, mgongo kwa nyumba, akaniambia nitazame ng'ambo ya njia. "Hesabu milango."

Nikahesabu saba. Sikuona kitu. Akaniambia nihesabu tena, safari hii nitazame chini. Ndipo nikaona. Kila mlango ulikuwa na kiukuta, matofali mawili ya kwenda juu, kimepigwa plasta laini, kimekatiza mlango kutoka fremu hadi fremu. Mtoto mmoja alitoka mbio ndani akakiruka bila kukitazama, kama mtu anavyoruka ngazi aliyoizoea tangu kuzaliwa. Bibi mwingine alikikalia, anachambua mchele. Nyumba saba, viukuta saba.

"Hii mbona haina?" akasema Mama Mkubwa.

Nikageuka. Nikapiga magoti pale mlangoni kwa Bibi, mbele ya dalali. Kwenye sakafu nyekundu kulikuwa na kovu, mstari wa saruji ya kijivu, upana wa tofali moja, umetoka ubavu huu wa mlango umefika ubavu wa pili. Nikaupapasa. Ulikuwa bado unakwaruza, haujapata nta, na kando yake nyekundu ilikuwa imemeguka vipande vidogo vidogo mahali patasi ilipopita. Kwenye kuta za pembeni, hadi usawa wa goti langu, rangi ilikuwa nene zaidi kuliko kwingine. Nikaweka kiganja juu ya ule mstari nikajikuta ninapima kimo cha maji: yangenifika hapa, Rehema yangemfika hapa.

Dalali akaanza kueleza habari za fundi kurekebisha mlango. Mama Mkubwa akamwinulia mkono. Akamwendea Bibi, akakaa naye barazani, wote wawili miguu imenyooshwa.

"Dada yangu, maji yanaingia?"

Bibi alikaa kimya muda. Alikunja pindo la khanga yake, akalikunjua. Kisha akasema, "Yanaingia. Lakini yanatoka."

Hakuna aliyesema kitu. Akaendelea mwenyewe. Kiukuta alikijenga marehemu. Dalali ndiye aliyeleta kijana akakivunja, akasema wateja wanakiogopa. Vitanda vilikuwa juu ya matofali manne manne, hayo nayo yameondolewa. Alitaka kwenda kwa mwanawe Handeni, magoti yake hayawezi tena kupanda juu ya meza usiku akisubiri kupambazuke. Alilisema hilo kwa utulivu, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni. Kuna mvua moja alikaa mezani na kuku wake watano.

Kabla ya kuondoka nilizunguka uani nikahesabu hatua kutoka ukuta wa nyuma hadi ukingo wa mto Msimbazi. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60. Yangu ziliishia arobaini na kitu, na hatua zangu si ndefu. Mto wenyewe ulikuwa kijito cheusi cha kuvuka kwa kuruka, na mchicha umestawi kandokando. Ungeniambia siku ile kwamba ndio uliomweka Bibi mezani, nisingeamini.

Tulimuaga Bibi. Mama Mkubwa alimwachia zile nyanya.

Pale kwenye kona ya njia tukapishana na wenzetu. Kijana na mkewe, mtoto mgongoni, nguo zao za kutokea. Dalali alituacha mara moja akawakimbilia kwa salamu. Yule dada akanitazama, akatabasamu, akaniuliza, "Mmeionaje?"

Nikasema, "Ina nafasi."

Nilisema hivyo tu. Mama Mkubwa alikuwa mbele kidogo, hakusikia, na mimi sikumwambia mpaka leo. Nimejitetea mara nyingi: nilimwonea huruma Bibi, safari yake ya Handeni ilitegemea watu wale wawili. Nikijitetea hivyo namwona mtoto mgongoni, amelala, shavu limebanwa na kitenge.

Aprili mwaka uleule mvua zilikuja kubwa, madaraja yakakatika, jiji likawa vipande. Sisi tulikuwa bado wapangaji. Kiwanja cha Kitunda tulikipata baadaye, ni habari ndefu na haina kitu. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba za bonde la Msimbazi zilipopigwa X nyekundu ya kubomolewa na tingatinga likawa kazini, nilikuwa nakaa karibu kabisa na televisheni, natafuta mlango wa mninga. Nyumba nyingi zilifanana. Milango ilishang'olewa.

Jana usiku, baada ya fundi kuondoka, mvua ikarudi. Niliamka nikaenda sebuleni bila kuwasha taa. Rehema akanisikia, akaja na shuka lake, akaniuliza natafuta nini pale sakafuni.

Nikamwambia aende akalale. Mkono wangu ulikuwa kwenye kizingiti, na kilikuwa kikavu.