Maziwa ya Kiruhura, kutoka kiwele hadi tangi

Kutoka Kampala tulishika barabara ya Masaka, tukavuka Ikweta pale Kayabwe, na tulipoipita Lyantonde migomba ikapungua, nyasi na migunga ikatawala. Ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu bado wanaonekana huku. Hutoa maziwa machache lakini mazito, yenye samli ya kupikia eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Maziwa ya kuuza kwa wingi ni ya chotara wa Friziani.

Rushere, mji wa Wilaya ya Kiruhura magharibi mwa Uganda, asubuhi, bodaboda zilipanga foleni kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Wenye mitungi ya alumini hawakuulizwa mengi. Madumu ya plastiki yalinuswa kwanza, maana hukwaruzika ndani na uchafu ukajificha kwenye mikwaruzo, hata usugue vipi.

Mpimaji alichanganya maziwa na spiriti kwa kiasi sawa, akatikisa. Yakiganda vipande, yameanza kuchacha, au ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au amezaa juzi tu. Kisha laktomita, kifaa cha kupimia uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji: 1.028 hadi 1.032 ni ya kawaida, maji hushusha. Lakini mjanja akiengua malai ndipo aongeze maji, kipimo hurudi palepale, kwa hiyo mafuta nayo lazima yapimwe.

"Mzee, haya hayaingii," mpimaji alimwambia mmoja kwa Kinyankole; dereva wetu akatutafsiria. Dumu lilirudishwa kwenye pikipiki.

Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 37 au zaidi kidogo, hali ambayo bakteria huipenda mno. Tangi huyashusha hadi 4, ila kupoza hakufufui yaliyokwisha kuharibika njiani. Kwa maoni yangu, sifa ya maziwa ya Uganda hujengwa au huvunjwa hapa, kabla kiwanda hakijayagusa.

Kuna kasoro ambayo spiriti haiioni: mabaki ya antibayotiki. Maziwa hayo hata mtindi hayagandi, kwa kuwa dawa huua bakteria wa kugandishia. Chanzo kimojawapo ni kupe. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia, huingia, ng'ombe huchomwa sindano, na mwenyewe hasubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa. Wengine, wakiona kupe hawafi, huchanganya dawa mbili za kunyunyizia kupe kwenye bomba moja, au huzimua kupita kiasi ili kubana matumizi. Hapo hubaki kupe sugu. Na anayenyunyiza mgongo tu anapoteza dawa: kupe wa kahawia hukaa ndani ya sikio.