Nyimbo za Kijapani zinazomsubiri mwanamke afike umri wa makamo

Yamaguchi Momoe alirekodi "Cosmos" mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Mtunzi ni Sada Masashi, na kisa chenyewe ni kifupi: binti yu karibu kuolewa, mama yuko uani, anakohoa mara moja. Baadaye anafungua albamu ya picha barazani na kurudia hadithi zilezile za utoto wa bintiye, kwa sauti ndogo kama anayejisemea. Msichana akiusikiliza wimbo huu hujiona yeye ndiye anayefunga mizigo. Mwanamke wa miaka 50 husikia kile kikohozi kwanza.

Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika pop ya Kijapani ya kuanzia miaka ya 1970. Nyimbo zake nyingi zinabeba umri wa aina mbili ndani yake, na msikilizaji huanza upande mmoja, miaka ikipita akajikuta upande wa pili. "Tegami" wa Angela Aki, wa mwaka 2008, umejengwa hivyo waziwazi. Ubeti wa kwanza ni barua ya kijana wa miaka 15 anayemuuliza mtu mzima atakayekuwa, amwamini nani. Ubeti wa pili ni jibu, na mtu mzima hajifanyi mjuzi: anakiri kwamba naye huumia, na usiku mwingine hapati usingizi. Wimbo ulitungwa kwa ajili ya kwaya za shule katika mashindano ya muziki ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani. Kwa hiyo mama aliyeketi ukumbini analisikia jibu la mtu mzima likitoka kinywani mwa mtoto wake mwenyewe. Sishangai wengi wakitoka humo na macho mekundu.

Takeuchi Mariya ameutaja umri bila kuuzungusha. "Jinsei no Tobira" ulitoka mwaka 2007, yeye akiwa na miaka 52, katika albamu ya Denim. Kiitikio kinapita muongo baada ya muongo, 20, 30, 40, 50, hadi kuvuka 90, na kila umri unasifiwa kwa neno lake. Beti zinahesabu maua ya mcheri: nitayaona yakiwa yamechanua mara ngapi tena? Halafu kuna nguo ya denim ambayo rangi yake ya buluu inazidi kupendeza kadiri inavyochujuka. Muziki ni wa taratibu na hauna maombolezo, nao ndio unaofanya lile swali la maua lipenye.

Lakini nikiulizwa mtu aanze na upi, namwambia aanze na "Eki", wa Takeuchi huyohuyo. Ni jioni ya mvua kituoni. Mwanamke anaona koti la mvua analolifahamu, kisha mwendo anaoufahamu. Imepita miaka 2. Anatamani kumsemesha mwanamume yule lakini anakosa maneno, anapanda behewa la jirani na kumtazama uso wake wa upande. Kila mmoja anarudi kwa mtu anayemsubiri, na mwanamume hajui hata kama ametazamwa. Anashuka, umati unammeza. Mwanamke anapotoka kwenye geti la tiketi mvua inakaribia kukatika, na usiku wa kawaida unaingia. Hakuna kilichotokea, na hicho ndicho kinachouma. Mstari mmoja unaweza kusomeka kwamba mwanamume alimpenda mwanamke huyu pekee, au kwamba aliyependa alikuwa mwanamke peke yake, na mashabiki wamebishana kuhusu mstari huo kwa miaka mingi. Tafsiri ya mashine huchagua maana moja kimyakimya, kwa sababu Kijapani huacha kumtaja mtendaji na mashine hulazimika kumbuni. Soma tafsiri mbili tofauti kabla ya kuamini yoyote.

Wimbo huo uliandikwa kwa ajili ya Nakamori Akina, aliyeurekodi mwaka 1986 akiwa na miaka 21, kwa sauti ya chini inayokaribia kunong'ona. Takeuchi aliurekodi mwenyewe mwaka 1987. Wa Nakamori bado una jeraha bichi. Wa Takeuchi umetulia zaidi, na kwa msikilizaji wa makamo naona huo wa pili ndio unaofika mbali.

Muundo wenyewe una kazi yake. Wajapani huugawa wimbo katika A-melo, B-melo na sabi, yaani kiitikio. A-melo husimulia kwa sauti ya chini, B-melo hupandisha, sabi hufungua. Karibu na mwisho nyimbo nyingi huleta ochi-sabi: ngoma zinanyamaza, kiitikio kinaimbwa karibu bila ala, kisha bendi yote inarudi, mara nyingi kii, yaani kimo cha wimbo mzima, ikiwa imepanda nusu toni au toni nzima. Machozi mengi hutoka hapo, kwenye ukimya, kabla ya kishindo. Tena kuna mfuatano wa kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, unaosikika mno kwenye sabi: katika kii ya C ni F, G, Em, Am. Baada ya G sikio linatarajia kurudi C, nyumbani, lakini linapelekwa Em kisha Am. Shauku inaendelea kuning'inia.

Na kwa kuwa Kijapani huimbwa kwa kawaida silabi moja kwa noti moja, maneno yanayoingia katika wimbo ni machache. Mtunzi hana nafasi ya kueleza huzuni, analazimika kuchagua kitu: koti, kikohozi, albamu.

Kuziimba ni habari nyingine. Estrojeni inapopungua wakati wa kukoma hedhi, nyuzi za sauti huweza kunenepa kidogo, sauti ikashuka na noti za juu zikakosa nguvu. Kosa la kawaida kwenye karaoke ni kupima kii kwa ubeti wa kwanza. Pima kwa sabi ya mwisho, maana kama wimbo unapanda kii, noti ya juu kabisa iko huko. Rimoti hushusha nusu toni kwa kila mbonyezo. Anza na 2. Kisha rudi kwenye A-melo: noti ya chini ikigeuka mkoromo usio na neno, pandisha 1. Nyimbo za Takeuchi na za mwimbaji Nakajima Miyuki ziko chini tayari, wengi huziweza katika kii ya asili, na ukizishusha ubeti unazama. Nyimbo za Yoshida Miwa, mwimbaji wa bendi ya DREAMS COME TRUE, ziko juu sana, shusha 3 au 4 bila aibu. Punguza mwangwi, kwani ukizidi unafuta konsonanti na kisa hakisikiki. Zima pia mashine ya kutoa alama. Inahesabu mitetemo na madoido, nawe utajikuta unapamba mstari uliopaswa kusemwa tu.

Katika matamshi, irabu ni tano kama zetu. Kinachoharibika ni urefu: irabu ndefu inachukua mapigo mawili, na "n" inayofunga silabi ina pigo lake, kama "m" ya "mtu". Ukiliruka, mstari unaisha kabla ya muziki.

Jihadhari na marudio ya wasanii wengine yaliyojaa vinanda na machozi ya kupangwa. Sizungumzii mwimbaji wa kiume Tokunaga Hideaki, ambaye tangu mwaka 2005 amerekodi mfululizo wa albamu za VOCALIST zenye nyimbo za waimbaji wa kike pekee, naye huziimba kwa kujizuia. Ila sikiliza rekodi ya asili kwanza. Na kwa "Jidai" wa Nakajima, sikiliza zote mbili zake: ya mwaka 1975, alipokuwa na miaka 23 na kuahidi kwamba siku moja tutayacheka haya yote, na ya mwaka 1993, alipoirudia ahadi hiyohiyo akiwa na miaka 41.